Mubirizi: uchungu unaoponya na mipaka yake

Hapa Sange, ukiuliza watu ni dawa gani ya kwanza walionja utotoni, wengi watakujibu: mubirizi. Ni kichaka chenye maua madogo meupe yanayopendwa na nyuki. Unaota wenyewe porini na kando ya mashamba, na wengine wanaupanda kama ua wa nyumba. Bafuliiru, Bashi na Barundi wanautambua kwa jina karibu moja. Wenye elimu ya mimea wanauita Vernonia amygdalina, jina lililotolewa na Mfaransa Delile mwaka 1826.

Wazee wetu walitwanga majani, wakayakamua ndani ya maji, kisha wakampa mgonjwa anywe: kwa homa, kwa tumbo, kwa minyoo. Mbuzi pia walinyweshwa. Wakati wa vita vya 1996 na 1998, watu walipokimbia na kinini hazionekani, familia nyingi zilirudilia mubirizi. Kwa hiyo tusiucheke. Lakini tusiufanye kuwa mungu pia.

Kuna habari moja ya ziwa letu hili hili, ng'ambo ya Tanzania, katika milima ya Mahale, kusini ya Kigoma. Mwezi wa 11 mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa porini pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua dawa za kwao. Walimfuata sokwe mmoja jike, jina lake Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mlegevu, hana hamu ya kula. Wakamuona anavunja matawi machanga ya mti huo, anatoa maganda na majani, anatafuna moyo wa tawi na kumeza maji yake machungu. Kesho yake mchana alikuwa amepata nguvu. Kalunde aliutambua mara moja: kwa Watongwe ni mjonso, dawa ya tumbo na homa.

Tuangalie vizuri alichofanya Chausiku: majani aliyatupa. Baadaye wataalamu wa Japani walichunguza mti huo, wakakuta ndani ya majani kitu kinachoitwa vernodalini, chenye nguvu ya sumu, ambacho ni kidogo sana katika moyo wa tawi. Na sisi tunatumia majani ndiyo! Nijeria na Kameruni wanayala kama mboga, lakini kwanza wanayaosha na kuyafikicha mara nyingi mpaka uchungu upungue. Kwetu uchungu ndio tunautafuta, na kipimo ni kiganja cha mama au kikombe cha bibi. Kiganja cha mtu mzima si kipimo cha mtoto wa miaka miwili.

Je, unaponyesha malaria? Nchini Uganda walijaribu chai ya majani yake kwa wagonjwa wa malaria isiyo kali, matokeo yakatangazwa mwaka 2009. Kufikia siku ya 14, watu 67 kwa mia walikuwa wamepata nafuu. Lakini kati ya hao, waliosafika damu kabisa ni 32 kwa mia tu, na kwa wengi wao vijidudu vilirudi. Maana yake: homa inashuka, mgonjwa anacheka, kumbe ugonjwa ungali ndani. Hapo ndipo hatari ilipo katika bonde hili la mbu. Mama anaona mtoto ametulia, anangoja siku mbili, tatu. Siku ya nne mtoto anashikwa na degedege, na kituo cha afya kiko mbali.

Basi tufanye nini? Mtoto mwenye homa apimwe damu siku ile ile, apewe dawa za mchanganyiko zenye artemisinini ambazo nchi yetu ilizichagua tangu 2005. Mwanamke mwenye mimba asiunywe, kwa sababu unaweza kukaza kizazi. Mwenye ugonjwa wa sukari anayekunywa dawa za hospitali aseme kwanza kwa munganga, kwa kuwa mubirizi nao unashusha sukari. Na kila mgonjwa aeleze wazi alichokunywa nyumbani, bila haya.

Kumheshimu mzee si kumeza kila kitu alichotwanga. Ni kuchukua ujuzi wake, kuupima, na kuwaachia watoto sehemu iliyo salama. Sokwe mwenyewe alijua kuchagua.