Swali Nililolikalisha Chini

Mwaka 1983 nilikuwa nikifundisha sayansi katika chuo cha ualimu. Siku hiyo somo lilihusu damu. Niliandika ubaoni kwamba chembechembe nyeupe ni askari wa mwili, na wanachuo wakawa wananakili. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, kama hao ni askari, mbona hawaui uvimbe wa saratani? Mama yangu anao." Nikamjibu, "Kaa chini. Hilo halimo katika muhtasari." Akakaa, na hakuniuliza tena mpaka alipohitimu.

Mwaka 2018, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilisikia redioni kwamba Tuzo ya Nobel ya tiba wamepewa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani. Kazi yao ilihusu swali lilelile. Ndipo nikaanza kufuatilia maisha ya Allison.

Mtu huyu ni hirimu langu. Alizaliwa mwaka 1948 katika mji mdogo wa Alice, Texas, na mama yake alifariki kwa saratani yeye angali mtoto. Alipokuwa sekondari alikataa kusoma baiolojia darasani kwa sababu mwalimu hakutaka kufundisha nadharia ya Darwin. Akalisoma somo hilo kwa njia ya posta kutoka Chuo Kikuu cha Texas. Nakiri kwamba angekuwa mwanafunzi wangu, ningempa adhabu ya kufyeka majani.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1973, akajitosa kuchunguza seli T, ambazo ni kundi mojawapo la chembechembe nyeupe. Seli hizo zina vya kuziamsha na vya kuzizuia, kama gari lilivyo na mafuta na breki. Mwaka 1987 watafiti wa Ufaransa walitambua protini iitwayo CTLA-4. Wapo waliodhani kuwa ni ya kuamsha. Katikati ya miaka ya 1990, Allison huko Berkeley, na Jeffrey Bluestone katika maabara nyingine, walionyesha kuwa ni breki. Breki hiyo ina faida, maana bila yake askari huweza kuushambulia mwili wenyewe. Lakini uvimbe nao hunufaika nayo.

Mwishoni mwa mwaka 1994 panya wenye uvimbe walidungwa kingamwili ya kuiachia breki hiyo. Uvimbe ukayeyuka. Allison akataka jaribio lirudiwe mara moja, na kwa kuwa mwenzake alikuwa na safari ya Krismasi, akapima uvimbe mwenyewe bila kujua panya yupi amepewa dawa. Siku za mwanzo uvimbe ulikua kwa wote, akaingiwa na simanzi. Kisha kwa baadhi yao ukasimama, ukaanza kusinyaa.

Baada ya hapo ilikuwa miaka ya kubisha hodi. Kampuni nyingi za dawa zilisita, kwani tiba za kinga zilikwisha kuwavunja watu moyo. Kampuni ndogo ya Medarex ikakubali. Dawa hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, takriban miaka 16 baada ya panya wale. Haimponyi kila mgonjwa, ina madhara makali, na bei yake iko mbali na wengi wetu. Hata hivyo, wapo waliohesabiwa miezi wakaishi miaka.

Mama wa kijana yule alifariki kabla mwanawe hajahitimu. Mimi ndiye niliyetia saini ruhusa yake ya kwenda mazikoni, na hata siku hiyo sikulikumbuka swali lake. Sisemi kwamba angekuwa Allison, wala kwamba jibu langu lingemwokoa mama yake. Mwaka ule sikuwa na jibu. Nilichoweza kumpa ni kusema "sijui", nami nikamnyima.

Walimu wenzangu, muhtasari una kazi yake, kama breki ilivyo na yake. Lakini mtoto akiuliza lisilomo, msimkalishe chini.