Antena Mbili, Namba Mbili

Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa chini ya mlima Longonot, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Nakuru. Kabla ya hapo, simu ya kutoka Nairobi kwenda Ulaya ilitegemea redio ya mawimbi mafupi, ambayo hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana. Mawimbi hayo hayapiti njia moja. Yanafika kwa mapito kadhaa, mengine yakiwa yamechelewa kidogo, na yanapokutana kwenye antena ama yanaongezeana nguvu ama yanauana. Ndiyo maana sauti ya redio ya zamani ilikuwa inapanda, inazama, inarudi tena.

Dawa ya tatizo hilo ilianza kutafutwa Marekani katika miaka ya 1920. Harold Beverage na Harold Peterson, wahandisi wa kampuni ya RCA, walikuwa wakipokea mawimbi ya kutoka ng'ambo huko Riverhead, New York. Waligundua kuwa mawimbi yanapofifia kwenye antena moja, mara nyingi yanakuwa bado na nguvu kwenye antena nyingine iliyo mamia ya mita kutoka hapo. Wakasimamisha antena tatu, kila moja na mashine yake ya kupokelea, kisha wakaunganisha matokeo ili ile yenye nguvu zaidi wakati huo ndiyo itawale. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1931. Kwangu mimi, hapo ndipo historia hii inapoanza: watu walipoacha kuuliza tu kama mawimbi yamefika, wakaanza kuuliza yamefika wapi na kwa nguvu gani.

Longonot haikufuata njia hiyo, na kwa sababu nzuri. Setilaiti ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi, yapata kilomita 36,000 kutoka ardhini, na njia yake ilikuwa wazi, angani moja kwa moja. Tatizo halikuwa mawimbi kupigana. Tatizo lilikuwa udhaifu wa mawimbi yenyewe. Kwa hiyo ikajengwa sahani moja kubwa mno, ya upana wa takriban mita 30. Vituo vya aina hiyo vilipenda mabonde, kwa kuwa vilima huzuia kelele za mitambo ya redio ya mijini. Setilaiti nayo haitulii kabisa mahali pamoja, na sahani ya ukubwa ule ikikosea hata kidogo inapoteza mawasiliano. Ni kipimo cha nguvu ya mawimbi kilichoonyesha ielekezwe wapi.

Kisha ukaja mwaka 2009. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na mazungumzo yaliyokuwa yakipitia setilaiti yakaanza kuhamia chini ya bahari. Mwaka huohuo kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n kilipitishwa, na antena nyingi katika kifaa kimoja zikawa jambo la kawaida. Wazo la Riverhead lilirudi likiwa dogo. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo antena zinazoachana kwa upana wa kiganja zinaweza kusikia mambo tofauti kabisa ndani ya chumba kimoja.

Chipu ya redio hupima nguvu mwanzoni mwa kila pakiti inayoingia, antena kwa antena. Draiva, yaani programu inayoiendesha chipu, ndiyo inayoupeleka upimaji huo juu, kwenye mfumo wa kompyuta. Kwa muda mrefu mfumo wa Linux ulipokea namba moja tu. Mwaka 2013 Felix Fietkau, anayejulikana kwa kazi yake kwenye OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta, aliongeza nafasi ya namba ya kila antena. Tangu hapo ruta inaweza kuandika hivi: -62 [-65, -65] dBm. Kipimo kinahesabiwa kuanzia miliwati moja kwenda chini, ndiyo maana namba ni hasi. -65 ni pungufu ya nusu ya bilioni moja ya wati. Kila desibeli tatu ni mara mbili, basi -65 mbili zikijumlishwa zinatoa -62.

Sasa tazama hii: -58 [-58, -84]. Jumla ni nzuri kuliko ya kwanza, lakini antena ya pili inapokea nguvu ndogo karibu mara 400 kuliko mwenzake. Jumla peke yake ingeuficha ugonjwa huo wote.

Kwa fundi wa intaneti anayerusha mawimbi kutoka mnara wa Nakuru hadi shamba la upande wa Njoro, hili si jambo la vitabuni. Antena zake nyingi hubeba mawimbi mawili, moja la wima na jingine la mlalo. Namba zote mbili zikishuka pamoja, antena imegeuka au kuna kitu kimesimama njiani, pengine mti uliokua. Ikishuka moja tu, mara nyingi ni kiungo cha waya kilicholegea au kilichoingia maji ya mvua. Asilinganishe tu namba za chipu za kampuni tofauti, kwa sababu draiva haziripoti sawa, na nyingine hadi leo hujaza nafasi moja na kuacha nyingine tupu. Alinganishe antena na jirani yake kwenye redio ileile, kisha aamue kabla ya kupanda mnara kama atabeba spana au waya mpya.