Kufikiri Sana na Kuchemsha Bongo Si Kitu Kimoja

Zamu hii ya historia tunaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufanya tutafute habari hizi.

Kiangazi kilichopita, sisi vijana wa kujitolea wanne tuliombwa kusaidia kujaza fomu kambini, hapa nje kidogo ya Juba. Fomu ilikuwa ya kuchagua vijana wa kwenda mafunzo. Ilikuwa na maswali ya elimu, lugha, umri, halafu mwishoni kulikuwa na sentensi chache za kupima kama mtu anapenda kutumia akili kwenye mambo magumu. Ilikuja kwa Kiingereza. Tukakaa chini ya mwarobaini, tukaitafsiri haraka haraka, kila mtu kwa lugha anayoijua: Kiarabu cha Juba, Kinuer, Kiswahili. Kwa Kiswahili tuliandika: “Napenda kufikiri sana.” Mtu anajibu kwa namba, 1 mpaka 5.

Akaja binti mmoja, Mkongomani, miaka kumi na tisa. Tukamsomea. Akatuangalia kama watu wasio na huruma. Akasema, “Kaka zangu, mimi sipendi kabisa. Mama alifikiri sana tulipofika hapa, akalala wiki mbili hata chakula hataki.” Tukazungushia 1. Mwingine akaja, 1. Mwingine tena, 1. Sisi tukaendelea kuzungushia tu.

Sasa yule binti tunamjua. Ndiye anayewafunga wavulana wote kwenye mchezo wa mashimo na kokoto. Ndiye anayekaa na hesabu moja mpaka giza linaingia, ukimwambia jibu anakasirika. Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Hatuwezi kusema ni swali lile peke yake lililomwangusha. Lakini ile 1 tuliiandika sisi, kwa kalamu yetu.

Basi tukaanza kuuliza: hili swali limetoka wapi? Nani wa kwanza aliyefikiria kwamba unaweza kupima mtu anapenda kufikiri kiasi gani?

Tumekuta kwamba limeanza Marekani. Mwaka 1955 wanasaikolojia watatu, Arthur Cohen, Ezra Stotland na Donald Wolfe, waliandika kuhusu hitaji la mtu la kuelewa mambo. Walisema kuna watu ambao wakipewa habari isiyoeleweka hawatulii mpaka waipange akilini. Wengine wanaiacha ipite. Wazo likakaa miaka mingi bila kipimo kizuri. Mwaka 1982 John Cacioppo na Richard Petty wakatengeneza dodoso la sentensi 34. Mwaka 1984, pamoja na Chuan Feng Kao, wakalipunguza likabaki sentensi 18, na hilo ndilo lililosambaa duniani. Nusu yake, yaani tisa, zimegeuzwa: ukikubali, alama zinashuka. Wanafanya hivyo ili mtu anayejibu “ndiyo” kwa kila kitu asionekane bingwa.

Kuna jambo zuri hapa ambalo sisi hatukulijua. Dodoso hili halipimi akili. Linapima kupenda. Mtu anaweza kuwa na akili nyepesi na bado akachukia mafumbo, na mwingine akawa mzito kuelewa lakini anafurahia kuhangaika na jambo mpaka lifunguke. Petty na Cacioppo walilitumia pia kueleza jinsi watu wanavyoshawishika. Anayependa kufikiri husikiliza hoja yenyewe. Asiyependa huangalia zaidi vitu vya pembeni, kama nani anasema na anapendeza vipi. Sisi tunaoishi sehemu ambayo uvumi mmoja unaweza kuwakimbiza watu usiku, tunaona kabisa kwa nini jambo hili lina maana.

Lakini angalieni walivyolijaribu mara ya kwanza, mwaka ule wa 1982. Walichukua walimu wa chuo kikuu upande mmoja, na wafanyakazi wa kiwandani upande wa pili, wale wanaosimama kwenye mstari wa kuunganisha vitu. Walimu wakapata alama za juu, nao wakasema kipimo kinafanya kazi. Sawa. Ila sisi tukajiuliza: mtu aliyesimama siku nzima akirudia kitu kimoja, jioni ukimuuliza kama anapenda kuchosha akili, unapima moyo wake au unapima uchovu wake? Mama aliyepanga foleni ya maji tangu alfajiri naye atajibu nini?

Tukarudi kwenye historia ya huku kwetu, na huku tumekuta mambo mazito zaidi.

Miaka ya 1930 Kenya ilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alitoa jaribio la akili lililotengenezwa kwa ajili ya Waafrika. Wakati huohuo kulikuwa na madaktari Nairobi waliokwenda mbali kuliko hapo. H. L. Gordon alitangaza kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile, na F. W. Vint akachapisha mwaka 1934 maandishi juu ya ubongo wa wenyeji wa Kenya, baada ya kuchunguza ubongo wa watu waliokufa. Yaani walikata, wakapima, wakahesabu. Kumuuliza mtu aliye hai anafikirije, hiyo haikuwa shida yao. Leo sayansi yao imetupwa, lakini wakati ule hoja za namna hiyo zilikuwa na kazi: zilimpa mtawala sababu ya kusema shule nyingi za nini.

Miaka ile ile, hapa hapa kwetu Sudan Kusini, kulikuwa na Mwingereza mwingine aliyefanya tofauti. E. E. Evans-Pritchard alikaa na Wazande kuanzia miaka ya 1920, akajifunza lugha yao, akawasikiliza. Kitabu chake kikatoka 1937. Ulaya wakati huo kulikuwa na wasomi waliosema watu wa huku hawafuati mantiki. Yeye akaleta mfano wa ghala la nafaka. Watu wanakaa chini ya kivuli cha ghala, linaanguka, linawaumiza. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Anajua pia watu walikaa pale kwa sababu ya jua kali. Swali lake ni jingine: kwa nini lianguke saa ile ile ambayo watu wale wamekaa chini yake? Jibu lake lilikuwa uchawi, na si lazima tukubaliane nalo. Lakini oneni swali lenyewe! Mtu ambaye hapendi kufikiri anaishia kwenye mchwa. Evans-Pritchard naye alifanya kazi chini ya serikali ya wakati ule, hatumfanyi malaika. Ila alikaa chini akasikiliza kwanza, na tofauti inaonekana.

Baadaye wakaja wengine wenye tabia hiyo ya kusikiliza. Mwaka 1974 Mallory Wober alichapisha utafiti wa Uganda kuhusu neno la Kiganda obugezi, ambalo tungesema akili. Watu wa vijijini walilihusisha na mtu wa taratibu, makini, asiyekurupuka. Sasa fikirini majaribio yale ya shule ambayo mwalimu anashika saa na kusema “wakati umekwisha.” Mwenye obugezi anashindwa kwa sababu ya obugezi wake. Mwaka 2001 Elena Grigorenko na wenzake walichapisha utafiti wa kijiji kimoja cha Waluo Kenya. Huko akili haikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na maneno manne: rieko, ambayo ni ujuzi na maarifa, luoro, heshima, winjo, kusikia na kuelewa, na paro, kufikiri na kuanzisha jambo. Heshima ndani ya akili! Fomu gani iliwahi kuuliza hivyo?

Halafu tukafika kwenye jambo lililotugusa sisi moja kwa moja.

Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya LRA, Waacholi wengi sana waliishi kambini. Hapo si mbali na Juba, na Waacholi wako pia upande wetu, Magwi. Watafiti walioongozwa na Paul Bolton walifanya kazi katika kambi mbili karibu na Gulu, Awer na Unyama, wakachapisha mwaka 2007. Walifanya kazi na vijana 314 wa miaka 14 hadi 17. Kitu cha kwanza walichofanya, hawakuja na majina ya magonjwa kutoka kwao. Waliwauliza watu: vijana wenu wana shida gani, na mnaiitaje? Mojawapo ya majina waliyopewa ni two tam. Two ni ugonjwa, tam ni mawazo. Ugonjwa wa mawazo.

Hapo ndipo sisi tulinyamaza. Kwa sababu Kiswahili chetu kinasema hivyo hivyo. Tukisema “fulani ana mawazo,” hatumaanishi kwamba ni mwanafalsafa. Tunamaanisha ana huzuni, halali. “Usifikiri sana” ni maneno ya kumfariji mtu. Washona wa Zimbabwe wana kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na tangu 2013 neno hilo limo ndani ya DSM-5, mwongozo mkubwa wa Marekani wa magonjwa ya akili. Mwaka 2015 Bonnie Kaiser na wenzake walikusanya maandishi 138 kutoka sehemu nyingi za dunia ambamo watu wanaelezea maumivu yao kwa maneno ya namna hiyo.

Kwa hiyo siku ile chini ya mwarobaini tulikuwa tunawauliza vijana waliokimbia vita: “Unapenda kuwa na huzuni?” Wakajibu vizuri tu, kwa akili kabisa, hapana. Na sisi tukaandika kwamba hawapendi kutumia akili.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba lugha yetu ilikuwa na neno tayari. Kuchemsha bongo! Magazeti yana kona ya chemsha bongo tangu zamani. Watoto wana vitendawili. Wazee wa pwani wanakaa na bao la mashimo 32 na kete 64 mpaka adhana, hawalipwi hata senti, na hakuna anayewaita wagonjwa. Kupenda kufikiri kupo kwetu miaka yote, lina michezo yake na maneno yake. Sisi tulitafsiri neno kwa neno, na neno likageuka.

Tulirudi kwa yule binti, si rasmi, tukamuuliza tena: “Ukipewa fumbo gumu, unalikalia au unaliacha?” Akasema, “Nalikalia. Kwani kuna raha gani kuliacha?” Tukapeleka maelezo ofisini. Tuliambiwa majina yameshapita, ila swali litaangaliwa awamu ijayo. Yeye hakwenda mafunzo. Hilo hatuwezi kulirekebisha kwa makala.

Tunachoweza ni hiki. Sasa, kabla ya fomu yoyote, tunamsomea mtu wa kwanza sentensi halafu tunamwambia, “Hebu nielezee kwa maneno yako, nimekuuliza nini?” Tunafanya hivyo na watu watano, wa lugha tofauti. Inachukua nusu saa. Mara mbili tayari tumekuta swali limegeuka, tukalirudisha.

Ninyi wa mashirika, tupeni hiyo nusu saa kabla ya kuchapa karatasi mia tatu. Na ninyi vijana wenzetu, ukisomewa swali ukaona halina akili, usijibu ili mradi foleni isogee. Uliza, “Unamaanisha nini?” Hata sisi tukiwa ndio tumeshika kalamu, tuulizeni.

Na kila mmoja atuandikie: kwa lugha ya kwenu, kufikiri kwa huzuni kunaitwaje, na kufikiri kwa raha kunaitwaje? Tunayakusanya. Fomu nyingine itakuja, safari hii tunataka tuwe na maneno mkononi.