Chelezo Kilichokosekana: Ukarabati wa Manowari za Usultani wa Zanzibar, 1826–1896

Historia ya manowari za Zanzibar aghalabu huelezwa kwa kuhesabu meli zilizonunuliwa. Insha hii inahoji kwamba kipimo kifaacho zaidi ni mahali zilipoundwa na kukarabatiwa, kwani hapo ndipo mipaka ya nguvu za Usultani baharini inapobainika.

Pwani haikukosa ufundi. Mafundi wa majahazi walisubiri maji kupwa, wakakalafati viungo vya mbao, kisha wakapaka sifa na deheni. Hata hivyo, ufundi huo ulifaa vyombo vidogo vinavyoweza kuegeshwa ufukoni. Manowari za Sayyid Said bin Sultan ziliundwa Bombay kwa mbao za msaji. Kubwa kati ya hizo, Liverpool, ilikamilika mwaka 1826 ikiwa na mizinga 74. Mwaka 1836 ilitolewa zawadi kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza, ikaitwa Imaum. Bombay yenyewe ilikuwa chini ya Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki. Hivyo mwenye karakana ndiye aliyekuwa pia dola kuu ya bahari hiyo.

Safari ya Sultanah inadhihirisha utegemezi huo. Meli hiyo, iliyomchukua mjumbe Ahmad bin Naaman, ilifika New York mwaka 1840 ikiwa imechakaa. Jeshi la Majini la Marekani liliikarabati katika karakana yake bila malipo. Ukarimu huo ulijenga urafiki, lakini haukuipatia Zanzibar karakana yake.

Tufani ya Aprili 1872 iliangamiza meli nyingi bandarini, zikiwemo za Sultani. Sayyid Barghash, aliyezuru Uingereza mwaka 1875, aliagiza Glasgow kutoka kwa William Denny na Ndugu zake, Dumbarton, Uskochi. Ilifika Zanzibar mwaka 1878 ikiwa na milingoti mitatu, injini ya mvuke na mizinga 7 ya ratili 9. Mvuke ulileta mahitaji mapya: makaa ya mawe, mafundi wa mitambo, vipuri na chelezo kikubwa. Meli ilinunuliwa, mfumo wa kuitunza na kuiboresha haukununuliwa pamoja nayo, na kwa muda mrefu ilikaa imetia nanga mbele ya mji.

Tarehe 27 Agosti 1896, wakati wa mgogoro wa kurithi kiti uliomhusu Khalid bin Barghash, Glasgow iliikabili St George, meli ya Kiingereza iliyoshushwa majini mwaka 1892. Ilizamishwa katika vita visivyofika saa moja. Miaka 18 iliyozitenganisha Glasgow mpya na Glasgow iliyozama ilikuwa miaka ya mageuzi makubwa ya silaha za majini, na Zanzibar haikuwa na njia ya kuyafuata.

Inahitimishwa kwamba kushindwa kwa 1896 kulianza zamani, katika kila ukarabati uliotegemea hisani au karakana ya mwingine. Mabaki ya Glasgow yalivunjwa mwaka 1912.