Kamani, Springi na Ugumu: Maneno ya Karakana Yanayohitaji Kutenganishwa

Istilahi nyingi huzaliwa chini ya gari, penye grisi na vumbi, na huwa zimekwisha kuenea nchi nzima kabla ya kamati yoyote kukutana kuzijadili. Neno springi ni mojawapo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi neno hilo lilivyochukua nafasi ya neno la zamani zaidi, kisha kuonyesha kwamba shida inayomkabili mfasiri leo imo katika maneno yanayotaja sifa za kifaa hicho na kazi zinazofanywa juu yake.

Kiswahili kilikuwa na neno kamani. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde, nalo likapitia lugha za Bara Hindi, ambako liliitwa chuma kinachojipinda na kurudi mahali pake. Katika Kiswahili lilishika hasa kwenye saa. Maana yake haikuwa na kasoro: upinde huvutwa ukakunjika, na ukiachwa hurudi. Magari ya zamani, ambayo springi zake zilikuwa mabapa ya chuma yaliyopinda na kulazwa moja juu ya jingine, yangeweza kuitwa kuwa na kamani bila mtu kushangaa. Lakini gari halikuja peke yake. Lilikuja na vipuri vyake na majina yake: jeki, spana, boliti, breki. Springi iliingia katika msafara huo huo, na kamani ikabaki ndani ya saa.

Wenyeji wa Basotu, magharibi ya Mlima Hanang, waliuona msafara huo kwa ukubwa usio wa kawaida. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania kwa msaada wa Kanada ilianzisha huko kilimo kikubwa cha ngano, na baadaye mashamba saba yakawa chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mashamba hayo yalichukua sehemu kubwa ya malisho ya Wabarabaig, nao walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980 kuyadai. Kwa upande wa lugha, yalileta matrekta, malori na karakana katika nchi ambayo nyumbani watu husema Kidatoga au Kiiraqw. Kiswahili kilikuwa lugha ya watu hao wote kukutania, na maneno ya mashine yaliwafikia kwa njia hiyo.

Wakati huohuo kifaa chenyewe kilikuwa kinabadilika. Land Rover iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 ilibebwa na springi za mabapa mbele na nyuma. Volkswagen ndogo ya zamani ilitumia vyuma vinavyosokoteka. Mwaka 1950 kampuni ya Ford nchini Uingereza ilitoa magari ya Consul na Zephyr yenye mtindo wa mhandisi Earle MacPherson, ambao huweka springi ya mizunguko na shokapu katika mhimili mmoja. Mtindo huo ndio ulio mbele ya magari madogo mengi yanayotembea Tanzania leo. Mafundi hawakusumbuka: vyote wakaviita springi. Wala hawakukosea, kwa kuwa kazi yake ni moja.

Ugumu unaanza pale fundi anapotakiwa kubadili kimo cha gari. Mjini vijana hutaka gari lishuke, liwe karibu na lami. Kwenye barabara za udongo kama za Basotu, mwenye gari dogo hutaka lipande, lisikwaruze tumbo wakati wa masika. Kazi zote mbili hufanywa kwa kubadili springi, na hapo ndipo neno moja, ugumu, linapobebeshwa mizigo miwili.

Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alitangaza kanuni kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ya nguvu inayoikabili. Tuchukue mfano. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi inabonyea sentimita 12 chini ya mzigo fulani. Fundi anakata mizunguko miwili ili gari lishuke. Mizunguko sita iliyobaki, chini ya mzigo uleule, itabonyea sentimita 9 tu. Springi imekuwa fupi na wakati huohuo imekuwa nzito zaidi kubonyea. Gari halishuki kama ilivyotazamiwa, na abiria hurushwa zaidi. Fundi mwingine hakati, bali huichoma springi kwa moto wa gesi mpaka ikae chini. Huyu hakuifanya iwe nyepesi kubonyea. Ameondoa ile nguvu ambayo chuma kilipewa kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa, na springi hiyo itaendelea kulala siku hadi siku.

Makosa haya mawili ni tofauti kabisa, lakini kwa lugha ya kawaida tutasema la kwanza limeongeza ugumu na la pili limepunguza ugumu. Msomaji atadhani moja ni dawa ya jingine. Yafaa basi tuseme ukakamavu kwa sifa ya springi kukataa kubonyea, na ugumu tuuachie chuma chenyewe. Kwa maneno hayo, aliyekata ameongeza ukakamavu na ugumu haukuguswa. Aliyechoma ameharibu ugumu, na ukakamavu haukubadilika.

Jozi ya pili ni kubana na kukaza, na hapa kosa la kalamu laweza kumjeruhi mtu. Springi ya mtindo wa MacPherson hukaa kwenye shokapu ikiwa imesukumwa, na nati ya juu ndiyo inayoizuia isiruke. Kabla ya kuigusa nati hiyo, springi hubanwa kwa kifaa maalumu mpaka iachane na kikalio chake. Mfasiri akiandika kwamba springi ikazwe, fundi atashika spana na kwenda kwenye nati. Tuseme springi hubanwa na nati hukazwa, na tusiyabadilishane maneno haya hata kwa ajili ya kupamba sentensi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu viliwazoesha watumishi wa serikali na walimu kuulizana juu ya neno kabla ya kulitumia. Desturi hiyo ifike gereji pia. Hapana haja ya kuwarudisha mafundi kwenye kamani, wala kuwatungia jina jipya la kitu wanachokijua kuliko sisi. Springi wameshaipokea na Kiswahili kimeshaizoea. Kinachotakiwa kwa mwalimu wa ufundi na mfasiri ni kuwapa maneno ya kupambanua: ukakamavu na ugumu, kubana na kukaza, kimo cha gari na urefu wa springi. Fundi wa Basotu akisoma maelekezo yenye maneno hayo, atajua ni kipi cha kugusa kwanza na ni kipi asikiguse kabisa.