Walipima Mto, Wakapima Mchicha

Mwaka 1988 mambo mawili yalitokea Dar es Salaam bila kujuana. La kwanza lilikuwa mahakamani. Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata walifungua kesi namba 299 dhidi ya Halmashauri ya Jiji, wakitaka dampo lililokuwa katikati ya makazi yao lifungwe. Hoja yao ilikuwa moshi, uvundo na nzi. La pili lilikuwa kwenye kurasa za jarida la kisayansi la Environment International, ambako watafiti Ak'habuhaya na Lodenius walichapisha makala kuhusu uchafuzi wa metali katika Mto Msimbazi. Wakazi walikuwa na pua na macho yao. Watafiti walikuwa na namba. Tangu hapo jiji hili limekuwa na historia mbili za sumu, moja ya watu wanaoishi nayo na nyingine ya wanaoipima, na ni mara chache mno zimekutana.

Tuanze na ya mahakamani, kwa sababu ilikuwa na kasi zaidi. Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa imeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini kwa miaka mitatu ya kwanza hakuna aliyeweza kwenda nayo mahakamani. Mlango huo ulifunguliwa Machi 1988, na watu wa Tabata walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuupita. Jaji Kahwa Lugakingira aliwapa haki, akaiamuru halmashauri iache kumwaga taka pale na itafute mahali pasipohatarisha watu. Halmashauri ilirudi tena na tena kuomba muda zaidi. Jaji alishangazwa waziwazi na mamlaka ya umma inayosimama mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaegemea ibara ya 14, ile ya haki ya kuishi.

Basi magari ya taka yakageuza njia. Yalielekea Kunduchi Mtongani, huko Kinondoni, eneo ambalo nalo lilikuwa la makazi. Mwaka 1991 Festo Balegele na mamia ya wenzake wakafungua kesi yao, nao wakashinda. Magari yakageuza tena: Vingunguti, kando ya Msimbazi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2001; kisha Mtoni, Temeke, karibu na Mto Kizinga na mikoko yake; kisha, kuanzia takriban 2007, Pugu Kinyamwezi. Ukiifuata ramani hiyo unaona kwamba dampo halikupata suluhisho, lilipata anwani mpya. Kila lilipohama liliacha ardhi nyuma yake, na juu ya ardhi hiyo watu walijenga, wakafuga kuku, wakalima mboga.

Hapa ndipo historia ya maabara inapoingia, na inaingia kupitia mchicha.

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, hukata jiji kwa zaidi ya kilomita 30 na kumwaga baharini penye daraja la Salenda. Njiani hupokea vijito, kimojawapo kikiwa Sinza. Hupokea pia maji ya machinjio ya Vingunguti, majitaka ya vitongoji visivyo na mabomba, na kwa miaka mingi maji ya viwanda: kile cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, na vile vya ukanda wa Barabara ya Pugu. Upande wa Temeke, Kizinga ilikuwa na mzigo wake, ikiwamo rangi za kiwanda cha nguo cha Mbagala, ilhali mto huohuo ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni.

Kandokando ya mito hiyo kuna bustani. Mchicha hukomaa kwa wiki tatu au nne, hauhitaji mtaji mkubwa, na soko liko mlangoni. Mwenye matuta mawili matatu bondeni anaweza kusomesha mtoto. Wakati wa kiangazi maji ya bure na ya karibu ni ya mto, hivyo ndoo huchotwa humo. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam fungu la mchicha au matembele ndiyo mboga ya leo, na ya kesho pia. Nalisema hili kwa sababu mijadala mingi ya bustani hizi humfanya mkulima mshtakiwa, na mimi siamini kwamba ndiye anayepaswa kusimama kizimbani. Risasi na kadimiamu hakuziyeyusha yeye.

Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha katika jarida la Food Chemistry utafiti ambao mpaka leo hutajwa na karibu kila anayeandika juu ya mboga za jiji hili. Walichukua mchicha, chainizi, majani ya kunde, majani ya maboga, saladi na nyinginezo kando ya Sinza na Msimbazi, wakapima kadimiamu, shaba, risasi na zinki. Kazi hii huenda hivi: majani huoshwa, hukaushwa, husagwa na kuyeyushwa kwa asidi hadi kubaki kimiminika. Kimiminika hicho hupulizwa kwenye mwali wa moto huku taa maalumu ikimulika. Kila metali hunyonya mwanga wa aina yake, na kiasi cha mwanga kilichopotea ndicho kinachosema metali ni kiasi gani. Baadhi ya mboga zilikutwa na metali kupita viwango vinavyopendekezwa kimataifa. Kwa kulinganisha, kiwango cha risasi kwenye mboga za majani katika Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 0.3 kwa kilo, uzito wa chembe chache tu za chumvi.

Baada yao walikuja wengine. Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipima udongo na mboga mwaka 2001. Kassenga na Mbuligwe walichunguza udongo na maji yaliyozunguka dampo la zamani la Vingunguti. Mwegoha na Kihampa walirudi kwenye udongo na maji ya mashamba ya jiji mwaka 2010. Nje kidogo ya jiji, Vikuge karibu na Kibaha, Marco na Kishimba walifuatilia mabaki ya viuatilifu chakavu vilivyoletwa nchini kama msaada na kuachwa kwenye banda hadi likaanguka. Mwaka 2005 shirika la AGENDA na wenzake wa kimataifa walipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa jirani na banda hilo.

Maji, tope, udongo, nyasi, mchicha, mayai. Ukizipanga tafiti hizi unaiona sumu ikipanda hatua kwa hatua kumwelekea binadamu, kisha wengi wa wapimaji wanasimama mlangoni kwake. Makala huishia kwa sentensi kwamba ulaji wa mboga hizi unaweza kuwa hatari kwa afya. Unaweza. Neno hilo limebaki palepale kwa zaidi ya miaka ishirini, na ndilo linalonisumbua.

Kwingineko safari ilianzia upande wa pili. Minamata, Japani, ilikuwa ni wagonjwa kwanza: mwaka 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda, Hosokawa Hajime, alitoa taarifa ya watu waliopoteza uwezo wa kutembea na kusema. Kutoka kwa wagonjwa hao wachunguzi walirudi nyuma hadi kwenye samaki, na kutoka kwenye samaki hadi kwenye bomba la kiwanda lililotoa zebaki. Karibu zaidi na kwetu, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, alimpeleka mwanawe hospitali, na damu ya mtoto ikakutwa na risasi. Namba hiyo ndiyo iliyozaa vipimo vya majirani, maandamano, na hatimaye hukumu ya mwaka 2020 ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ambayo ilitenguliwa na Mahakama ya Rufani kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024. Mahakama hazikuambiwa kwamba kijiji kinaweza kudhurika. Ziliambiwa nani amedhurika.

Si kwamba Watanzania hawajui kuupima mwili wa binadamu. Julius Mwaiselage, ambaye baadaye aliiongoza Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, alifanya kazi na wenzake wa Bergen, Norway, na miaka ya 2004 na 2005 wakachapisha matokeo kuhusu vumbi la saruji na mapafu ya wafanyakazi wa kiwandani. Aiwerasia Ngowi aliwauliza wakulima wa mboga wa kaskazini namna wanavyochanganya viuatilifu na wanachohisi baada ya kupuliza. Elias Nyanza wa chuo cha Bugando, Mwanza, na wenzake waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na vijiji visivyo na machimbo. Zebaki waliipima kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, njia isiyohitaji jokofu wala barabara nzuri. Kama karatasi hiyo imeweza kufika vijijini Geita, inashindwaje kufika Vingunguti au Mtoni kwa Azizi Ali?

Jibu mojawapo ni fedha: utafiti wa damu unahitaji vibali vya maadili, wauguzi na miaka ya ufuatiliaji, ilhali mfuko wa mchicha unaupata kwa nauli ya daladala. Jingine, kwa maoni yangu, ni zito zaidi. Ukimpima mtoto ukamkuta na risasi, unalazimika kufanya jambo. Mchicha haukudai tiba.

Ni kweli mzigo mmoja umepungua. Juni 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vya eneo lote. Bustani za kandokando ya barabara zilipona na mvua hiyo ya moshi. Lakini risasi haiozi. Iliyokwisha kutua kwenye udongo ingali humo. Mwilini nako hujificha kwenye mifupa kwa miongo, na hurudi kwenye damu mwanamke anapobeba mimba na anaponyonyesha. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na hutaka hatua zichukuliwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Msichana aliyekuwa akila majani ya kunde ya Sinza mwaka 1999 akiwa na miaka mitano sasa amevuka thelathini, na huenda ana mtoto wa kunyonya.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi. Lengo kubwa ni mafuriko. Wakazi wengi wa bonde la chini wamelipwa fidia na kuondoka, kila mmoja na njia yake: Chanika, Mbagala, Bunju, wengine mikoani. Kwa ajili ya fidia waliandikwa majina, umri, nyumba na miaka waliyokaa, taarifa ambazo mtafiti wa afya angezitafuta kwa miaka bila kuzipata. Orodha hiyo ingalipo. Kipo na kifaa kidogo cha kubebeka kinachosoma risasi katika tone la damu ya kidole kwa dakika chache. Kazi iliyobaki ni kuwatafuta watu wa orodha hiyo kabla namba zao za simu hazijabadilika, na kuwauliza kama wako tayari kunyoosha kidole.