UA LA PINKI LINALOITWA "JEKUNDU": MUUZAJI KAPEWA JINA, MKULIMA HATAJWI

Leo tuwaache mastaa wetu kidogo, tumwongelee staa mwingine kabisa. Ni ua. Linaitwa Middlemist's Red, yaani Jekundu la Middlemist, lakini ukiliona utacheka: ni pinki tupu, limejaa petali kama waridi! Ni aina ya kamelia, na ni adimu balaa. Inasemekana miti inayojulikana ni miwili tu dunia nzima. Mmoja upo Chiswick, London, mwingine upo Waitangi, New Zealand.

Sasa tuje kwenye hilo jina. John Middlemist alikuwa anauza miche pale Shepherd's Bush, London. Mwaka 1804 akaleta kamelia hiyo kutoka China. Basi, kulileta tu, na zaidi ya miaka 200 baadaye ua bado linatembea na jina lake.

Lakini jiulize, aliyelitengeneza nani? Kamelia ya porini ina petali chache, unaweza kuzihesabu kwa vidole. Ua lililojaa petali hivi halidumu lenyewe. Kuna mtu aliliona bustanini, akalipenda, akachukua kijiti akakiotesha, na wengine wakaendelea hivyo hivyo. Wachina wamelima kamelia karne na karne. Kazi ni yao, jina sio lao.

Kule Uingereza kamelia zikawa fasheni ya matajiri. Wakadhani ni mmea wa nchi za joto, wakaufungia kwenye nyumba za vioo. Ile ya Chiswick ilijengwa 1813, ina urefu wa mita 90 hivi, na kamelia ziliingizwa humo 1828. Baadaye ikajulikana kumbe kamelia nyingi zinavumilia baridi ya nje bila shida. Zinachotaka ni kivuli cha miti mikubwa, udongo wenye asidi, na majani yaliyooza kufunika mizizi yake isiyoenda chini sana. Tena jua la asubuhi lisizipige zikiwa bado na barafu, vitumba vya maua vitaharibika. Mambo kama hayo anayajua nani kama sio mtunza bustani anayeamka alfajiri? Naye hatajwi.

Fasheni ikapita, ile nyumba ikachakaa. Walioziokoa kamelia za Chiswick karne iliyopita ni wapenzi wa maua waliojitolea tu, bila kiki yoyote. Nyumba ikakarabatiwa, na wageni wakaanza kuja tena kuliona lile ua la pinki.

Na usidhani haya ni ya Wazungu na Wachina peke yao. Mchai ni ndugu wa damu wa ua hili. Jina lake la kisayansi ni Camellia sinensis, nao unapenda udongo ule ule wenye asidi. Kwa hiyo chai yako ya asubuhi, iwe ya Kericho au ya Mufindi, ina hadithi ile ile. Angalia pakiti: jina la kampuni lipo, la mama aliyechuma yale majani halipo.

Kwa hiyo siku ukipewa mche wa ua lolote, usiulize bei tu. Uliza nani aliuotesha, halafu ukiposti picha, mtaje.